Mwongozo kamili: kuipeleka familia Mtaa wa Livingstone, Ujiji, kwa mwendo wa bibi

Mara ya kwanza nilivyoipeleka familia yangu pale tulikosea karibu kila kitu. Shangazi alikuwa amekuja kutoka Dar na watoto wake, akasema hawezi kufika mwisho wa reli afu aondoke bila kuona pale Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, alipokutana na mmisionari na msafiri Livingstone, bas tukakodi Noah, tukajazana, tukafika saa nane mchana jua kali, tukasikiliza maelezo haraka haraka, tukapiga picha chini ya mwembe, hata saa nzima haijaisha tumeshageuza gari. Mama yangu hakushuka kabisa, magoti yanamsumbua na hakuna aliyekuwa amefikiria atakaa wapi. Tunarudi Mwanga ndo akasema, "Mwanangu, nimeletwa Ujiji nije kuangalia ukuta kwenye dirisha la gari. Mimi nilitaka kukaa na watu."

Iliniuma sana ile. Toka hapo tumerudi mara nyingi, na kila mara mama ndo anatangulia na sisi wote tunafuata mwendo wake, na nikagundua huo ndo mwendo sahihi wa ule mtaa maana ukikimbia unaona mnara na miembe tu unaondoka, ila ukienda polepole unaanza kuwaona watu walioujenga ule mji kwa miguu yao. Naandika hapa kwa hatua, ili na wewe ukija na wazee na watoto usirudie kosa langu.

Hatua ya kwanza: siku na saa

Hapa wageni wengi wanakosea bila kujua. Kigoma tuko magharibi kabisa ya nchi ila saa tunatumia moja na watu wa Dar, kwa hiyo jua letu linachelewa. Asubuhi saa kumi na mbili bado kuna giza, jua linachomoza kwenye saa moja, utosini linafika karibu saa saba, na linazama karibu saa moja jioni. Mgeni anaona saa nane anadhani jua limeshaanza kulegea, kumbe ndo linaunguza kuliko muda wote. Kwa hiyo panga hivi: saa mbili mtoke nyumbani, saa tatu muwe mtaani, saa sita na nusu muwe mmekaa kivulini mnakula, na msiinuke tena mpaka saa kumi. Yale masaa matatu ya katikati usiyaonee uchungu, huko mbele utaona yana kazi gani.

Siku nzuri ni Jumamosi. Ujiji ni mji wa Waislamu toka enzi za misafara, Ijumaa mchana wenyeji wako msikitini na wewe utakuwa unazurura kwenye mtaa uliotulia. Mwezi wa Ramadhani usiende na watoto mchana mkaanza kula barazani kwa watu, nenda jioni, na kama una mwenyeji akakukaribisha futari usikatae.

Kuhusu miezi, kiangazi cha Juni mpaka Agosti njia ni kavu na hewa nzuri ila vumbi lipo. Septemba na Oktoba joto linabana. Mimi napenda mwanzoni mwa Novemba, mvua za kwanza zimeshatuliza vumbi, maembe yapo, na ukienda karibu na tarehe 10 watoto wanafurahi kujua kwamba tarehe hiyo hiyo mwaka 1871 ndo inayotajwa kuwa siku ya ule mkutano. Ila beba mwavuli.

Hatua ya pili: mzigo wa kubeba

Kitu cha kwanza kabisa ni kiti. Kile cha plastiki chepesi cha kawaida, tena kimoja kinatosha. Watu wananicheka nikikifunga nyuma ya bajaji lakini kile kiti ndo kimemrudisha mama mtaani, akichoka anakaa palepale alipo na hakuna anayemharakisha. Maji ya kutosha, lita moja kila mtu na ziada kwa wadogo. Kofia, kanga mbili tatu (za kufunika, kukalia, kumfungia mtoto mgongoni akisinzia), tishu, sabuni kipande, na noti ndogo ndogo maana kumpa muuza karanga elfu kumi asubuhi ni kumtesa. Simu ije na chaji yote. Nguo ziwe za heshima tu, kina mama gauni refu au kitenge, wanaume kaptula za mazoezi ziachwe nyumbani. Hakuna atakayekufukuza ukivaa vingine, ila mapokezi ya wazee yanabadilika na utayaona.

Watoto wangu kila mmoja namnunulia daftari la kurasa 32 na penseli. Kazi yao nitaeleza.

Hatua ya tatu: kufika

Kutoka stesheni ya Kigoma mpaka Ujiji hazifiki kilomita kumi, lami tupu. Daladala za Ujiji zinapita Mwanga, unapanda unamwambia konda "nishushe Livingstone", anajua, halafu mnashuka barabarani mnaufuata mtaa kwa miguu kuelekea Ziwa Tanganyika. Kama mna mzee mchukulieni bajaji yeye na mtoto mdogo na kiti chake, wengine mpande daladala, mkutane pale njia panda. Bajaji mpatane bei kabla hajawasha. Gari la kukodi la siku nzima mimi silipendi, dereva akishakaa akisubiri anaanza kuangalia saa, na ninyi mnaanza kuangalia saa yake.

Hatua ya nne: stori ianze nyumbani, jana yake

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndo watu wanairuka. Usiwapeleke watoto wakasikilizie historia pale pale wakiwa na kiu. Usiku wa kuamkia safari, baada ya chakula, wape stori. Na usianze na Livingstone. Anza na njia.

Ule mtaa ni kipande cha mwisho cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, ikafika Kwihara pale Tabora, ikaishia Ujiji ziwani. Kama kilomita 1,200 hivi. Mwaka 2006 vituo hivyo sita viliwekwa kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia kama njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na Ujiji kimo. Sa waambie nani walitembea. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kitambaa au shanga kwenda bara, pembe kurudi pwani. Kwetu nyumbani nilichukua mfuko wa mchele wa kilo tano nikamwekea binti yangu wa miaka tisa kichwani atembee kutoka mlangoni mpaka kwa jirani. Akarudi kimya. Nikamwambia zidisha mara sita na zaidi, afu utembee miezi. Hakuniuliza tena kwa nini tunatembea polepole.

Na watumwa. Usiifiche hii. Watu walitekwa ng'ambo ya ziwa, Manyema na kwingine Kongo, wakavushwa kwa mitumbwi, wakateremshwa Ujiji, wakaswagwa kwenda pwani. Watoto wadogo unawaambia kwa kipimo chao, kwamba kuna watu walipita hapa bila kutaka, mbali na mama zao, na wengi hawakurudi. Inatosha kwa mtoto wa miaka sita. Wakubwa watauliza zaidi, wajibu.

Baada ya hapo ndo waingie Wazungu. Burton na Speke walifika Februari 1858, wakaandikwa kuwa Wazungu wa kwanza kuliona ziwa. Lakini pamoja nao alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo akapelekwa India, akawa huru akarudi Afrika. Bombay huyo huyo akafika tena Ujiji 1871 na Stanley, halafu tena na Cameron, msafiri Mwingereza ambaye alikatisha bara zima mpaka Atlantiki. Mwambie mwanao ahesabu nani kafika Ujiji mara nyingi zaidi.

Livingstone mwenyewe alifika mara ya kwanza Machi 1869. Akavuka kwenda Manyema, akayaona mauaji ya sokoni Nyangwe Julai 1871, akarudi Ujiji Oktoba mwaka huo amekonda, mgonjwa, akakuta vitu alivyotumiwa kutoka pwani vimeshauzwa na aliyekabidhiwa. Alikuwa hana kitu. Stanley wakati huo yuko njiani, katoka Bagamoyo mwezi wa tatu, akachukua zaidi ya miezi saba maana pale Tabora kulikuwa na vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu, njia ya kawaida imefungwa, ikabidi azunguke kusini. Msafara wake ukaingia Ujiji na bendera ya Marekani mbele, bunduki zinapigwa hewani, mji wote ukatoka. Na mtu wa kwanza kumsalimia Stanley kwa Kiingereza hakuwa Livingstone, alikuwa Susi, mtumishi wake, kijana kutoka Shupanga, Msumbiji. Susi ndo alitimua mbio kwenda kumwambia bwana wake kuna Mzungu amekuja.

Malizia na hii. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alikufa kijijini kwa Chitambo, sasa ni Zambia. Susi na mwenzake Chuma, na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miezi tisa wamebeba maiti. Wangeweza kumzika palepale wakaondoka na hakuna ambaye angewauliza. Mwezi wa nne mwaka huo akazikwa London, Westminster Abbey. Nilivyowasimulia wangu, mama yangu alikuwa anasikiliza kutoka jikoni, akaja mlangoni akasema, "Hao wawili ndo niwaone kesho." Nikamwambia mama, Susi na Chuma hawana sanamu pale, ila njia waliyoitembea ipo.

Hatua ya tano: mtaa wenyewe

Kutoka lami mpaka makumbusho ni mwendo mfupi, mtu mzima akitembea kawaida ni dakika chache. Sisi tunautumia saa moja na nusu.

Salamu kwanza. Huwezi kupita mbele ya baraza lenye wazee ukawa unaangalia simu. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi, asalaam aleikum ukiona wameketi kikundi, watoto wasalimie wenyewe kwa mdomo wao, sio unawasalimia kwa niaba yao. Ukiitikiwa simama kidogo. Utaulizwa mnatoka wapi, jibu kwa urefu, taja wilaya, taja ukoo, maana hapo ndo mazungumzo yanapofunguka. Safari ile ya pili mama alikaa kwenye kiti chake kwenye kivuli cha nyumba moja ya tofali za udongo, baraza lake limesuguliwa na makalio ya watu mpaka linang'aa, bibi mwenye nyumba akatoka, wakaulizana habari, dakika kumi wakagundua kuna msiba wa Kasulu wote wawili walikuwepo, na kilichofuata ni kahawa. Tulikaa pale mpaka watoto wakaanza kucheza na wajukuu wa yule bibi. Hayo yote usingeyapata kwenye Noah.

Kuna jambo moja nakuomba ulishike sana. Usiulize watu wa pale kama babu zao walikuwa watumwa, au walikuwa wenye watumwa. Ujiji imechanganyika, kuna Waha, Wamanyema waliotoka Kongo, Wanyamwezi waliokuja na misafara, waliochanganya na Waarabu, na wote ni Waswahili wa Ujiji sasa hivi, na kila nyumba ina stori inayosemwa kwa nafasi yake. Mzee akitaka atakwambia mwenyewe. Mimi niliambiwa mara ya tatu, na nilikuwa sijauliza.

Sa ile kazi ya madaftari. Mkubwa anachora mlango au dirisha moja la zamani (omba ruhusa kwa mwenye nyumba kwanza, na picha vivyo hivyo). Wa kati anahesabu miembe mikubwa, ile ambayo wawili wakishikana mikono hawaizunguki, na anauliza mtu mzima mmoja kwa nini miembe inafuata njia. Jibu atakalopewa na karibu kila mzee ni kwamba watu wa misafara walikuwa wanakula maembe wanatupa kokwa, kokwa zinaota, na kivuli nacho kilitakiwa. Ndo maana Tabora na Kigoma tuna miembe kila kona. Mdogo kabisa kazi yake ni kukusanya majani matatu tofauti. Inawatosha, na wanaacha kuulizia simu.

Watoto wa mtaani wakiwafuata msiwape hela. Nunueni kitu kwa mama zao, karanga, mihogo ya kuchoma, vitumbua, mle pamoja.

Hatua ya sita: makumbusho na mnara

Mkifika, kiingilio lipieni ofisini, na risiti chukueni. Bei ya Mtanzania na ya mgeni wa nje ni tofauti, kwa hiyo kama mna shemeji Mzungu au mgeni wa nje mwambieni mapema asije akashtuka. Nasisitiza risiti kwa sababu siku moja kuna kijana alitupokea nje getini, akajifanya ndo mhusika, akachukua hela, na kumbe hakuwa na uhusiano na pale kabisa. Lipa ndani tu.

Mchukueni mwelezaji wa pale pale na mwambieni toka mwanzo, "tuna mzee na watoto, hatuna haraka". Utashangaa anavyobadilika. Ndani kuna picha na maelezo ya biashara ya misafara, na zile sanamu mbili za Livingstone na Stanley wanasalimiana kwa kuvua kofia, za ukubwa wa mtu. Watoto wanazipenda, wadogo wengine wanaziogopa, usimlazimishe. Nje ndo kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba umechongwa juu yake, na miembe ambayo inasemekana ni vizazi vya ule mwembe wa asili ambao ulishakufa. Hapo chini ya miembe toa tena kile kiti.

Swali ambalo kila mtu mwenye akili anauliza akiwa pale ni hili: mbona tunaambiwa Ujiji ilikuwa bandari na maji yako kule chini? Mjibu hivi. Miaka ile ya 1870 ziwa lilikuwa limejaa kuliko sasa, maji yako juu. Ziwa Tanganyika mlango wake wa kutokea ni mmoja, Mto Lukuga upande wa Kongo, na ulikuwa umezibwa na tope na magugu. Karibu na mwaka 1878 maji yakauzibua, yakaanza kutoka kwa nguvu, na ndani ya miaka kumi na kitu ziwa likashuka kama mita kumi. Ufukwe ukarudi nyuma, mnara ukabaki nchi kavu. Sa miaka ya karibuni maji yamepanda tena, wenyeji wa pwani ya Ujiji wamehamishwa na maji na wanajua uchungu wake, kwa hiyo mkifika kule chini mkiona mabaki ya kuta majini msipige kelele za kushangaa, yale ni makazi ya watu.

Na mwelezaji akikwambia Livingstone na Stanley waliondoka pamoja kwa mtumbwi kwenda kaskazini ya ziwa, ni kweli, walikwenda mwezi huo huo wa Novemba, wakaona Mto Rusizi unaingia ziwani na sio kutoka, kwa hiyo ziwa letu likaacha kufikiriwa kuwa chanzo cha Nile. Mtoto anayependa jiografia mpe hiyo.

Hatua ya saba: kula na kulala kidogo

Saa sita na nusu hiyo. Tafuteni mama ntilie, ulizeni mgebuka, samaki wa ziwa letu. Mgebuka wa kukaanga au wa kuchoma na ugali wa muhogo, na pembeni maharage yaliyoungwa kwa mawese, hiyo ndo Kigoma kwenye sahani. Wageni wa Dar mawese wanayaogopa rangi, waambieni waonje. Miba ya mgebuka kwa watoto wadogo iangalie, mimi namtolea mwanangu mwenyewe hata kama anasema anaweza. Kitu kingine cha kujua, kuna vipindi ziwa linafungwa ili samaki wazaliane, mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, na kipindi hicho samaki fresh ni wa shida, utakula dagaa wakavu na wala sio wabaya.

Mkishakula msiinuke. Wanaosali waende kusali, watoto walazwe kwenye kanga, wazee wapige stori. Mama yangu stori zake zote za utotoni nimezisikia kwenye haya masaa matatu, jinsi walivyokuwa wanatembea na baba yake kuleta mawese sokoni, wanalala njiani siku moja, chumvi wanarudi nayo. Miaka arobaini na mbili nimeishi na sikuwahi kuijua hiyo. Ndo maana nikasema hayo masaa usiyaonee uchungu.

Hatua ya nane: ufukweni jioni

Saa kumi mteremke ziwani. Mtoto asiingie majini. Ziwa linaonekana safi sana ila karibu na makazi kichocho kipo, na mamba ulizeni wavuvi. Miguu mchangani inatosha.

Kule chini kuna mafundi wa mitumbwi na hapa mkae kabisa. Siku moja tulimkuta fundi mmoja amekaa ubavuni mwa mtumbwi mkubwa wa mbao, anakalafati. Anachukua pamba, anaisokota kwa vidole kama utambi, anaichovya kwenye kopo la mawese, anailaza kwenye uwazi kati ya ubao na ubao, afu patasi butu na nyundo, tok tok tok, anaisogeza, tok tok tok, mpaka pamba yote imezama na ubao unaonekana kama umeshonwa. Mwanangu akamuuliza, "Babu, kwa nini usiweke gundi?" Fundi hakuacha kugonga, akasema, "Ubao ukinywa maji unavimba, unaibana pamba. Gundi haivimbi, baba. Itapasuka." Akampa kipande cha pamba akisokote, kikatoka kinene, akakifumua akamwonyesha tena. Kama robo saa hivi. Mama akamuuliza amejifunza kwa nani, akasema kwa baba yake, naye kwa baba yake. Tukanunua soda tukamwachia, hela hakuitaka.

Mkae mpaka jua liguse milima ya Kongo. Kama hakuna mbalamwezi mtaona mitumbwi ya dagaa inatoka na taa zake, maana dagaa wanavuliwa gizani, wanafuata mwanga. Ukiwa na mwezi mpevu wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo angalia kalenda kama taa ndo unazitaka.

Kurudi

Dereva wa bajaji ya mzee patana naye asubuhi arudi saa moja kasoro, chukua namba yake, mpigie saa kumi na mbili kumkumbusha. Daladala jioni zinajaa, wenye watoto wadogo pandeni mapema.

Kama mna siku ya pili, nendeni stesheni ya Kigoma mjini, jengo la Wajerumani, reli ilifika pale 1914, na hapo watoto wanaona jinsi garimoshi lilivyokuja kuwapumzisha wapagazi. Na mkirudi kwa treni kupitia Tabora, shukeni mwende Kwihara kwenye tembe, ile nyumba ya udongo ya kizamani, ambalo Livingstone na Stanley walifikia mapema 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki mpaka Agosti akisubiri wapagazi wapya. Mtakuwa mmeitembea njia kinyumenyume.

Dagaa mnunue asubuhi sio jioni, uchague waliokauka mpaka ukiwavunja wanalia, na uwafunge kwenye gazeti kwanza halafu mfuko, sio mfuko mtupu wanavunda. Mawese ya kusafiri nayo weka kwenye dumu lenye mfuniko wa kukaza, juu yake nailoni, na usijaze mpaka mdomoni, kwenye joto la basi yanatanuka. Shangazi yetu alipuuza hili la mwisho na begi lake zima lilifika Dar jekundu, sasa hivi akija anakuja na dumu lake mwenyewe, na siku ya kwanza tu anauliza kiti cha plastiki kiko wapi.